Si Kila Ushindi Huamua Vita

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914, askari wa kwanza wa kikosi cha Uingereza kilichotoka India walianza kushuka ufukweni Ras Kazone, mashariki kidogo ya mji wa Tanga. Walikuwa wamekaa melini kwa wiki kadhaa, wengi wao wakiwa wamechoshwa na bahari, na kamanda wao, Meja Jenerali Arthur Aitken, alikuwa na watu wapatao 8,000. Upande wa pili Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu wapatao 1,000, sehemu kubwa wakiwa askari Waafrika, na wengi wao walikuwa bado njiani wakiletwa kwa treni kutoka Moshi. Waingereza wenyewe ndio waliompa nafasi ya kujipanga: siku moja kabla, nahodha wa manowari iliyoitwa Fox alikuwa ameingia bandarini, akadai mji ujisalimishe, kisha akaondoka bila kufanya lolote. Lettow-Vorbeck alipofika usiku wa tarehe 3, alipanda baiskeli akazunguka mji uliokuwa kimya, akitazama wapi aweke bunduki zake za rasharasha. Kesho yake mapigano yalipopamba moto mashambani, makundi ya nyuki walioshtuliwa na risasi yaliwavamia askari, na safu za Aitken zikavunjika. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakiacha nyuma mamia ya bunduki na risasi laki kadhaa, ambazo Wajerumani walizitumia baadaye kuwapigia haohao waliozileta.

Kwa kipimo chochote cha uwanjani, huo ulikuwa ushindi mkubwa: mtu mmoja dhidi ya wanane, na wanane wakakimbia. Hata hivyo, mwendo wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia haukubadilika hata kidogo kwa sababu ya Tanga. Miaka minne baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck alikabidhi silaha zake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Jeshi lake lilikuwa halijapata kushindwa moja kwa moja. Alikabidhi kwa sababu nchi iliyomtuma ilikuwa imekwisha kuanguka mahali pengine, katika mapigano ambayo yeye hakuyaona. Kati ya Tanga na Abercorn makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria katika njia za Tanganyika na Msumbiji, na kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wabeba mizigo. Ushindi wa Tanga uliwarefushia mateso watu wetu, bila kuisogeza Ujerumani hata hatua moja karibu na ushindi.

Nimeanza na Tanga kwa sababu makala nyingi zinazojadili mapigano yaliyobadili mwendo wa vita vya dunia huhesabu maiti, huhesabu vifaru, kisha hutangaza kwamba pigano lenye hesabu kubwa ndilo lililoamua. Naona kipimo hicho kinapotosha. Pigano linaloamua ni lile linalomnyang'anya adui kitu ambacho hawezi kukipata tena kwa wakati unaomfaa, hata akishinda mara kumi kwingineko. Kitu hicho kinaweza kuwa jeshi zima. Kinaweza kuwa meli nne. Mara nyingine ni wiki sita tu.

Wiki sita ndizo zilizopotea kwenye Mto Marne, miezi miwili kabla ya Tanga. Mpango wa Ujerumani, uliotokana na mawazo ya Jenerali Alfred von Schlieffen, ulikuwa umejengwa juu ya hesabu ya muda. Ujerumani ilikuwa na Ufaransa upande wa magharibi na Urusi upande wa mashariki, nayo haikuwa na uwezo wa kupigana na zote mbili kwa nguvu zake zote kwa wakati mmoja. Ilitarajiwa kwamba Urusi, kwa ukubwa wa nchi yake na uchache wa reli zake, ingechelewa kukusanya majeshi. Katika muda huo Ufaransa ingepigwa kwa kupitia Ubelgiji, kisha askari wapandishwe treni waelekee mashariki. Mpango mzima ulisimama juu ya dhana kwamba Ufaransa ingekuwa imekwisha kabla Urusi haijawa tayari.

Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1914 ilionekana kama hesabu inakaribia kutimia. Serikali ya Ufaransa ilihama Paris ikaenda Bordeaux. Lakini Warusi walikuwa wameingia Prussia Mashariki mapema kuliko ilivyotazamiwa, na Helmuth von Moltke, mkuu wa majeshi ya Ujerumani, aliingiwa na wasiwasi akaondoa kori mbili, yaani vikosi viwili vikubwa vya maelfu ya askari, katika upande wa kulia wa jeshi lake lililokuwa likielekea Paris, akazipeleka mashariki. Katika historia ya vita vile vyote naona maamuzi machache yenye uchungu kama huo. Kori zile mbili zilikuwa ndani ya treni wakati Wajerumani wakilisambaratisha Jeshi la Pili la Urusi pale Tannenberg, tarehe 26 hadi 30 Agosti. Zilifika wakati kazi imekwisha. Na siku chache baadaye, pigano la Marne lilipoanza, hazikuwapo Ufaransa pia.

Tannenberg ulikuwa ushindi wa kutisha. Mateka walifika 92,000, na Jenerali Aleksandr Samsonov alijiua msituni asikabiliane na aibu ya kushindwa. Ujerumani iliusherehekea kwa miongo, ikamfanya Hindenburg, jenerali aliyeongoza pigano hilo, shujaa wa taifa. Lakini Urusi ilikuwa na majeshi mengine na watu wengine, ikaendelea kupigana kwa miaka mitatu na ushei. Marne, ambako hakukuwa na jeshi lililozingirwa wala jenerali aliyejiua, ndiko Ujerumani ilikopoteza kile isichoweza kukipata tena.

Yaliyotokea huko yalikuwa hivi. Jeshi la Kwanza la Ujerumani chini ya Alexander von Kluck, badala ya kuuzunguka mji wa Paris kwa magharibi, liligeuka likapita mashariki yake, likaacha ubavu wake wazi. Jenerali Joseph Gallieni, aliyekuwa akiulinda mji, aliona nafasi hiyo na kumsukuma Joffre, kamanda mkuu wa Ufaransa, ashambulie. Kluck alipogeuka kumkabili adui wa ubavuni, alijitenga na Jeshi la Pili la Bülow, na kati yao likafunguka pengo la kilomita zipatazo 40. Jeshi la Waingereza lilianza kuingia katika pengo lile, polepole na kwa tahadhari, kwa namna isiyofanana na ushujaa wa hadithi. Moltke alikuwa Luxembourg, mbali na uwanja wa vita, akipata habari kwa shida. Tarehe 8 Septemba alimtuma ofisa mmoja, Luteni Kanali Richard Hentsch, akatembelee makao ya majeshi kwa motokaa na kuona hali ilivyo. Hentsch alikuta Bülow amekwisha kukata tamaa. Kesho yake, kwa idhini ya luteni kanali huyo, majeshi ya Ujerumani yalianza kurudi nyuma kuelekea Mto Aisne.

Watu hupenda kusimulia teksi za Paris zilizobeba askari kwenda mstari wa mbele. Zilikuwapo kweli, zipatazo 600, na zilibeba askari elfu chache, lakini pigano hilo lilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili, kwa hiyo teksi hazikuliamua. Kilicholiamua ni reli za Ufaransa, ambazo Joffre alizitumia kuhamisha askari kutoka mpaka wa mashariki hadi karibu na Paris, wakati askari wa Ujerumani walikuwa wametembea kwa miguu kwa mwezi mzima, wakilala barabarani kwa uchovu, na farasi wao wakianguka kwa kukosa malisho. Kufikia katikati ya Septemba Moltke alikuwa ameondolewa. Yaliyofuata ni mahandaki, miaka minne ya mahandaki, na Ujerumani ikiwa katika hali ileile ambayo mpango wake ulibuniwa ili kuikwepa: kupigana pande mbili kwa wakati mmoja huku manowari za Uingereza zikiziba bahari. Ndiyo maana nasema kwamba Lettow-Vorbeck, alipokuwa akizunguka Tanga kwa baiskeli, alikuwa akiitetea koloni ya nchi ambayo nafasi yake ya kushinda haraka ilikuwa imekwisha kuzikwa kando ya mto ambao askari wake wengi hawakupata kuusikia.

Vita ya Pili inahitaji kuangaliwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu ndiyo iliyozaa masimulizi mengi yasiyo sahihi. Chukua Midway, pigano la majini katika Bahari ya Pasifiki. Inasemwa mara kwa mara kwamba tarehe 4 Juni 1942 Japani ilipoteza marubani wake bora, na tangu hapo ikawa inapigana na wanafunzi. Hesabu haikubaliani na kauli hiyo. Wahudumu wa ndege wa Kijapani waliokufa Midway walikuwa kiasi cha 110. Marubani wengi wa meli zile waliokolewa na wakapigana tena. Waliowamaliza ni vita vya Guadalcanal na Visiwa vya Solomon, miezi iliyofuata. Kilichozama Midway ni kitu kingine.

Wajapani walikwenda Midway na manowari nne kubwa za kubeba ndege: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu, zote zikiwa zimeshiriki kuishambulia Pearl Harbor miezi sita kabla. Nia yao ilikuwa kukiteka kisiwa hicho kidogo ili kuzivuta meli za Marekani zilizosalia na kuziangamiza. Lakini Wamarekani walikuwa wakiwasubiri. Wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri huko Hawaii, chini ya Joseph Rochefort, walikuwa wamegundua kwamba shambulio linapangwa mahali palipotajwa kwa herufi mbili tu, AF. Ili kuhakikisha, waliagiza kisiwa cha Midway kitangaze kwa redio, bila mafumbo, kwamba mtambo wake wa kusafisha maji ya bahari umeharibika. Punde Wajapani walisikika wakiambizana kwamba AF ina upungufu wa maji ya kunywa. Manowari ya Yorktown, iliyokuwa imejeruhiwa vibaya mwezi Mei katika Bahari ya Matumbawe, iliingizwa Pearl Harbor, mafundi wakaikarabati usiku na mchana, na baada ya siku tatu hivi ikang'oa nanga pamoja na mafundi ambao walikuwa bado wanaendelea na kazi.

Asubuhi ile ilianza vibaya kwa Wamarekani. Kikosi cha 8 cha ndege za topido (makombora yanayokwenda majini) kutoka manowari ya Hornet kilishambulia bila ndege za kukilinda. Ndege zote 15 zilianguka, na kati ya watu 30 alinusurika mmoja. Vikosi vingine vya topido navyo viliangamia karibu vyote, na hakuna topido hata moja iliyolipuka kwenye meli ya adui. Wakati huohuo Admirali Chuichi Nagumo alikuwa katika mashaka ya silaha: alikuwa ameagiza ndege zake za akiba ziondolewe topido na kufungwa mabomu ya kushambulia kisiwa, kisha, aliposikia kwamba kuna meli za Marekani karibu, akaagiza zirudishiwe topido. Mafundi wa Akagi na Kaga walifanya kazi hiyo chini ya sitaha, ndani ya mabanda yaliyofungwa pande zote, na kwa kuwa hakukuwa na muda wa kuyarudisha mabomu ghalani, waliyaacha yamelala kandokando pamoja na mipira ya mafuta ya ndege.

Kiasi cha saa nne na dakika ishirini asubuhi, ndege za mabomu kutoka Enterprise na Yorktown zilitokea juu ya mawingu. Zile za Enterprise zilikuwa zimepotea njia, zikaliona jahazi moja la vita la Kijapani likikimbia peke yake kuelekea kaskazini, na kiongozi wao, Wade McClusky, akaamua kulifuata hadi likawafikisha. Zilishuka moja baada ya nyingine karibu wima. Akagi ilipigwa barabara na bomu moja tu. Bomu hilo lilipasua sitaha likalipukia ndani ya banda, katikati ya ndege zilizojaa mafuta na topido zilizokwisha kufungwa, na moto ukashika kila kitu. Katika dakika chache Kaga na Soryu nazo zilikuwa zinawaka. Hiryu ilibaki mpaka mchana, ikafanikiwa kuipiga Yorktown, kisha nayo ikapigwa. Wajapani waliokufa walikuwa zaidi ya 3,000, na wengi miongoni mwao walikuwa mafundi wale waliokuwa chini ya sitaha: watu waliojua kuirudisha ndege hewani kwa dakika chache, kazi isiyofundishwa kwa mwaka mmoja.

Wapo wanauchumi wa vita wanaosema kwamba hata Japani ingeshinda Midway isingebadili matokeo, kwa kuwa viwanda vya Marekani vilikuwa vikitengeneza manowari za kubeba ndege kwa wingi usiofikika. Ya kwanza ya aina ya Essex iliingia kazini siku ya mwisho ya mwaka 1942, na nyingine nyingi zikafuata. Hoja yao ni nzito, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Midway haikuamua nani angeshinda Pasifiki. Iliamua nani angechagua mahali pa kupigana. Kabla ya Juni 1942 Japani ndiyo iliyokuwa ikichagua; miezi miwili baadaye, tarehe 7 Agosti, Wamarekani walitua Guadalcanal, na tangu siku hiyo Japani ikawa ya kufuata inakoitwa. Bila Midway viwanda vile vingefanya kazi hiyohiyo, ila vita ingerefuka kwa miaka ambayo hakuna awezaye kuihesabu, na kila mwezi wa nyongeza ungekuwa na maiti zake katika China, Ufilipino na Burma.

Kuhusu El Alamein, huko Misri, nitasema kwa ufupi. Waingereza waliipenda, na walistahili kuipenda, kwa sababu baada ya miaka mitatu ya kushindwa hapa na pale, hatimaye Novemba 1942 jenerali wao, Montgomery, alimrudisha nyuma Rommel wa Ujerumani, na Mfereji wa Suez ukabaki salama. Lakini Rommel alikuwa amekwisha kuishiwa mafuta ya magari kabla ya pigano, kwa sababu meli zilizomletea zilizamishwa Mediterania, na siku nne baada ya pigano kumalizika Wamarekani na Waingereza walitua Moroko na Algeria nyuma yake. Pigano lilithibitisha jambo ambalo bahari ilikuwa imekwisha kuliamua.

Wakati huohuo, kando ya Mto Volga, lilikuwa likiendelea pigano la Stalingrad, ambalo naliweka juu ya yote mengine katika karne ile. Ili kulielewa, ni lazima kuanza na mafuta. Baada ya kushindwa kuuteka mji wa Moscow mwezi Desemba 1941, Hitler hakuwa tena na nguvu ya kushambulia pande zote za Urusi kama mwaka uliotangulia, kwa hiyo katika kiangazi cha 1942 alielekeza nguvu kusini, akiwa na shabaha ya visima vya Maikop, Grozny na Baku. Stalingrad haikuwa shabaha kuu. Ilitakiwa kuzibwa tu, ili mafuta yasipande kwa Mto Volga na ubavu wa majeshi yaliyokwenda Kaukazi uwe salama. Kisha mwezi Julai Hitler aliligawanya jeshi lake la kusini mara mbili, akitaka vyote viwili kwa pamoja, mji na mafuta, na mshika mawili moja humponyoka. Maikop ilitekwa Agosti, lakini Warusi walikuwa wameviharibu visima vyake kiasi kwamba Wajerumani hawakufaidi chochote cha maana. Grozny na Baku hawakuzifikia kabisa.

Mji wenyewe, uliokuwa umejengwa kama mkanda mrefu kando ya mto, ulipigwa kwa ndege tarehe 23 Agosti hadi ukawa magofu, na magofu ndiyo yaliyowafaa walinzi. Jenerali Vasily Chuikov, kamanda wa Jeshi la 62, aliwaagiza askari wake wakae karibu mno na Wajerumani, umbali wa kurusha bomu la mkono, ili ndege za adui zisiweze kupiga bila kuwaua askari wao wenyewe. Vita ikawa ya ngazi na vyumba. Ghala la nafaka lilipiganiwa kwa siku kadhaa, kilima cha Mamayev kikachukuliwa na kurudishwa mara nyingi. Kila batalioni iliyoingizwa mjini na Jenerali Friedrich Paulus ilirudi ikiwa kampuni, naye akaendelea kuingiza nyingine. Huko kulikuwa kutwanga maji kwenye kinu, na waliotwanga walikuwa askari bora aliokuwa nao Hitler.

Kilichofuata kilianza tarehe 19 Novemba. Warusi hawakulishambulia Jeshi la 6, jeshi la Paulus, lenyewe. Waliyashambulia majeshi ya Rumania yaliyokuwa yakilinda pande zake mbili, yaliyokuwa na silaha chache za kupambana na vifaru na yaliyopewa mstari mrefu kuliko uwezo wake. Baada ya siku nne mikono miwili ya shambulio ilikutana karibu na Kalach, na watu wanaokaribia 300,000 wakawa ndani ya duara. Hermann Göring aliahidi kuwalisha kwa ndege. Mahitaji ya chini kabisa yalihesabiwa kuwa tani 300 kwa siku, na jeshi lenyewe lilitaka zaidi. Zilizofika kwa wastani zilikuwa kiasi cha tani 100 na kidogo. Farasi waliliwa. Kufikia Januari askari wa mstari wa mbele alikuwa akipewa kipande cha mkate kisichozidi gramu 100 kwa siku, naye anatakiwa kuchimba handaki katika ardhi iliyoganda kama jiwe. Uwanja wa ndege wa Pitomnik ulipotekwa katikati ya mwezi huo, maji yalikuwa yamezidi unga. Paulus alipandishwa cheo kuwa jemadari mkuu tarehe 30 Januari 1943, kwa matumaini kwamba mwenye cheo hicho angejiua kuliko kukamatwa. Kesho yake alijisalimisha. Kati ya mateka wapatao 91,000, waliorudi Ujerumani hawakufika 6,000, na wa mwisho walirudi mwaka 1955. Upande wa Warusi, waliouawa, waliopotea na waliojeruhiwa katika pigano zima walizidi milioni moja, nayo ni hesabu ambayo mtu hapaswi kuitaja haraka kisha akapita.

Wapo wanaosema kwamba Moscow ndiyo iliyoamua, si Stalingrad, na wengine huitaja Kursk kwa wingi wa vifaru vyake. Kursk, Julai 1943, naiona kama uthibitisho. Wajerumani walishambulia mahali ambapo kila mtu alijua watashambulia, kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kuchagua pengine. Mjadala wa Moscow ni wa haki zaidi, na jibu langu ni kwamba Moscow iliinyima Ujerumani ushindi wa haraka, na Stalingrad ikainyima ushindi wa aina yoyote. Baada ya Moscow bado kulikuwa na njia moja, ile ya mafuta ya Kaukazi. Baada ya Stalingrad njia hiyo ilifungwa, majeshi yaliyokuwa Kaukazi yakarudi nyuma haraka yasije yakazingirwa nayo, na Rumania, Hungaria na Italia, zilizopoteza majeshi yao kandokando ya mto Don majira hayohayo ya baridi, zikaanza kutafuta namna ya kujitoa. Jina la Jeshi la 6 lilifufuliwa baadaye mwaka 1943 kwa askari wengine. Imani ya washirika wale haikufufuliwa.

Kuna pigano moja, la Imphal na Kohima kaskazini-mashariki mwa India, ambalo wachambuzi wa Ulaya hulipa aya mbili, nami siwezi kulipita, kwa kuwa watu wa Afrika Mashariki waliliona tokeo lake kwa macho yao. Machi 1944 Jeshi la 15 la Japani, chini ya Renya Mutaguchi, lilivuka milima kutoka Burma kuingia India likiwa na watu wapatao 85,000 na chakula cha wiki tatu hivi. Mutaguchi alitegemea kuteka maghala ya Waingereza pale Imphal, na ng'ombe waliopelekwa pamoja na askari wawe nyama njiani. Ng'ombe wengi walifia milimani. Kohima, askari walipigana wakiwa wametenganishwa na uwanja wa tenisi wa mkuu wa wilaya. Maghala hayakutekwa. Mwisho wa Mei Jenerali Kotoku Sato, ambaye divisheni yake ilikuwa haijaletewa chakula wala risasi, alianza kurudi nyuma kinyume cha amri, jambo lisilokuwa la kawaida hata kidogo kwa jenerali wa Kijapani, na Julai jeshi zima likafuata. Zaidi ya nusu ya wale 85,000 walipotea, na njaa pamoja na maradhi viliua kuliko risasi.

Kwa vita nzima ya dunia, Imphal na Kohima hazikuwa uamuzi. Japani ilikuwa imekwisha kubanwa baharini. Kwa Burma zilikuwa uamuzi kamili, na waliopewa kazi ya kuwafuatia Wajapani katika bonde la Kabaw walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye batalioni za keya, yaani King's African Rifles, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakiongozwa kwa Kiswahili. Walianzia Tamu mwezi Agosti, katikati ya mvua za masika ya huko, katika mji mdogo ambao nyumba zake zilikuwa na mamia ya maiti zisizozikwa za askari waliokufa kwa kuhara na njaa, wengine wakiwa wamelala chini ya sanamu za hekalu. Barabara ilikuwa tope la kufika magotini, magari yalivutwa kwa kamba, na malaria pamoja na homa ya utitiri wa porini ziliwaangusha wengi kuliko adui. Lakini chakula chao kilidondoshwa kwa ndege, gunia baada ya gunia, siku ambazo mawingu yaliruhusu. Tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa, kando ya mto Chindwin, na mwezi huohuo wahandisi walilaza juu ya mto huo daraja la vyuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350, magari ya Jeshi la 14 la Uingereza yakaanza kuvuka kuelekea tambarare za Mandalay, na mabaki ya Jeshi la 15 hayakuwa na nguvu ya kuwazuia.